Mahali pa Asili: Tunachoweza Kujifunza Uswisi

Kila unapoingia msimu wa joto, Maskati hupungua watu, na simu zetu hujaa picha za Uswisi: theluji ya Jungfraujoch, penye stesheni ya treni iliyo mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, maziwa ya Interlaken, na ng'ombe wenye kengele shingoni. Nami nimekwenda na nimeyaona, na simkatazi msomaji wangu kwenda. Nchi ile ni nzuri, Subhana Llah. Ila naona kwamba sisi, vizazi vya watu waliohama, twalipita jambo moja la huko ambalo lingetufaa kuliko mandhari.

Jambo lenyewe limo katika pasipoti ya Mswisi. Humo hakuandikwi mahali alipozaliwa, bali mahali pa asili yake, yaani mji au kijiji ambacho wazee wake walihesabiwa kuwa wenyeji. Mtu aweza kuzaliwa Zurich, au ng'ambo kabisa, asikanyage kijiji hicho maisha yake yote, na jina la kijiji likabaki katika hati yake, akawarithisha wanawe.

Tusidhani kwamba hiyo ni anasa ya watu waliotulia kwao. Nchi hii tunayoijua kwa utajiri ilikuwa ikihamisha watu kwa sababu ya njaa. Mwaka 1845 watu wa jimbo la Glarus walivuka bahari wakajenga mji wa New Glarus huko Wisconsin, Marekani. Viko vijiji vilivyowalipia maskini wao nauli ya kwenda Amerika ili kuutua mzigo wa kuwalisha. Hata leo raia zaidi ya 800,000 wa Uswisi wanaishi nje ya nchi yao. Uhamaji wanaujua. Hata hivyo, mwenye asili ya kijiji cha mlimani haambiwi kwamba kwa hiyo si mtu wa Zurich.

Sisi je? Unguja wazee wetu waliitwa Wamanga; walipofika Maskati wakaitwa Wazinjibari. Waliovuka baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi walijifunza kuificha nusu moja ya nafsi zao kila walipohitaji kukubaliwa na nusu ya pili. Tabia hiyo tumeirithi. Mtoto wetu akiulizwa atokako, kwanza humtazama usoni anayemuuliza, ndipo achague jibu.

Najua nitajibiwa kwamba sisi tuna shajara, na kwamba hatuhitaji kufundishwa nasaba na watu wa milimani. Ni kweli, shajara tunazo. Lakini zifungueni mzisome: fulani bin fulani bin fulani, mlolongo wa vizazi vingi, na ndani yake hamna mwanamke hata mmoja. Kwa hesabu hiyo wanaume wamezaana wenyewe kwa wenyewe.

Katika hili Waswisi nao hawakuwa bora. Kwao, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1988, mwanamke akiolewa aliipoteza asili yake na kuandikiwa ya mumewe. Tangu mwaka 2013 ndoa haiibadilishi tena asili ya mtu. Waliona kasoro wakairekebisha kwa sheria. Ya kwetu haina bunge la kuirekebisha. Iko mikononi mwa kila nyumba.

Uzito wake tuupime kwa mfano unaogusa nchi hiyo hiyo. Mwaka 1946, katika mji wa Luzern, alifariki Rudolph Said-Ruete, mjukuu wa Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Sayyida Salme, alizaliwa Unguja na suria wa Kicherkesi aliyeitwa Jilfidan. Habari za suria huyo tunazo kwa sababu binti yake alishika kalamu, akachapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Masuria wengine wangapi waliozaa koo zetu wamebaki bila jina? Wangapi wanatajwa kuwa ni "mwanamke wa bara" tu, na jina lao lamo kifuani mwa bibi mmoja mgonjwa ambaye hakuna aliyemuuliza?

Husemwa kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo twaipenda sana tunapowaonya vijana wasioijua lugha ya bibi zao. Lakini anayemfuta nyanya yake katika nasaba kwa kuwa alikuwa mtumwa, yeye ndiye aliyeiacha asili, na methali inamrudia. Aliyetekwa hana aibu. Aibu ni ya aliyemteka, na ya sisi tunaoendelea kumficha.

Rai yangu ni hii. Kila nyumba iwe na daftari, na kila mtu aandikwe humo kwa Kiswahili: jina lake, baba yake na mama yake, alipozaliwa, na asili zake zote, za upande wa kiume na za upande wa kike. Unyanyembe iandikwe kando ya Nizwa, na Lamu kando ya Sur, bila moja kuwekwa chini ya nyingine. Tuanze na mkubwa wa umri kuliko wote katika ukoo, tena tuanze na wanawake, kwa kuwa majina ya wanaume yamekwisha kuandikwa. Safari za milimani zaweza kungoja mwaka mwingine. Wazee hawangoji.