Ngao ya Jamii na Uviko-19: Shabiki wa Bagamoyo aanze kukaba njiani

JUMAMOSI ya Septemba 25, 2021, Simba na Yanga zilikutana Uwanja wa Mkapa kuwania Ngao ya Jamii. Bagamoyo stori ilikuwa moja tu: nani anakwenda Dar, nani anabaki kucheki gemu kibanda umiza. Uviko-19 ukitajwa, wengi wanafikiria jukwaa lililojaa. Lakini kwa shabiki wa huku kuna sehemu mbili mbaya zaidi: gari na kibanda.

Virusi hivi, kama vile vya mafua, hutoka na pumzi. Matone makubwa huanguka chini ndani ya mita moja au mbili, na hapo ndipo kukaa mbalimbali kunaposaidia. Chembe ndogo zenyewe huelea kama moshi wa sigara. Uwanjani upepo unazipunguza, ingawa kubanana na kupiga kelele bado ni hatari. Ndani ya chumba kilichofungwa zinazidi kujaa, hata kama umekaa mbali na mwenye kikohozi.

Kutoka Bagamoyo hadi mjini ni zaidi ya kilomita 60, kupitia Zinga, Kerege, Mapinga na Bunju. Ukikutana na foleni, safari inazidi dakika 90 za mechi. Ndani ya Coaster watu wamebanana, wanaimba, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, na konda bado anaita: “Sogea nyuma, nafasi ipo!”

Italia yalishawakuta. Februari 19, 2020, Atalanta iliichapa Valencia 4-1 San Siro, Milan, mbele ya watu zaidi ya 40,000. Wengi walitoka Bergamo, umbali wa kama kilomita 50, kwa mabasi, treni na magari. Mwezi uliofuata Bergamo ikawa kati ya miji iliyoumia zaidi Ulaya, na Valencia ikatangaza kuwa karibu asilimia 35 ya kikosi na maofisa wake wameambukizwa. Mechi ile haikuwa sababu pekee, lakini wataalamu wengi waliitaja.

Kibanda umiza nacho kina tatizo lake. Madirisha huzibwa ili mwanga usiharibu picha, mabenchi yanagusana, na bao likiingia kila mtu anapiga kelele.

Barakoa inasaidia, ila haizuii kila kitu. Utafiti uliotoka Septemba 2021, uliofanywa Bangladesh katika vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya 340,000, ulionyesha kuwa wavaaji walipoongezeka kutoka asilimia 13 hadi 42, maambukizi yenye dalili yalipungua kwa karibu asilimia 9. Barakoa za hospitali zilifanya vizuri kuliko za kitambaa, na wazee ndio walionufaika zaidi. Ni beki mmoja. Anahitaji wenzake: hewa, nafasi na chanjo, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Julai 28, 2021 kwa kuchanja yeye mwenyewe. Na barakoa iliyoshushwa kidevuni ni beki aliyekaa benchi.

Ugumu upo kwenye pesa. Konda na mwenye kibanda wanahesabu vichwa. Leveli siti inapunguza mapato, benchi likiondolewa kiingilio kinapungua. Ndiyo maana maagizo hufuatwa siku mbili, ya tatu yanasahaulika.

Kufungua vioo, hata hivyo, hakuna gharama. Kutoa runinga nje, chini ya mwembe, ni kazi ya waya mrefu tu, na upepo wa bahari Bagamoyo ni wa bure. Barakoa ivaliwe ndani ya gari, pale inapohitajika zaidi, sio kutolewa mfukoni getini. Mwenye homa na kikohozi asikilize redio nyumbani.

Machi 17, 2020 ligi ilisimamishwa, ikarudi Juni 13. Karibu miezi mitatu bila mpira. Hakuna wa Msimbazi wala wa Jangwani anayetaka kurudi huko.