Mfereji Mmoja, Madaftari Mawili

Katika shule zetu, Hola hufundishwa mara mbili. Mwalimu wa jiografia huutaja mji huo mdogo wa kando ya Mto Tana anapoeleza unyunyiziaji maji mashambani. Mwalimu wa historia naye huutaja afikapo kwenye Hali ya Hatari. Mimi nifundishaye huku Kegonga nimeona jinsi wanafunzi wanavyonakili habari hizo katika madaftari mawili, wasitambue kuwa ni habari za mfereji mmoja.

Mradi wa Hola ulianzishwa mwaka 1953, na waliochimba walikuwa mahabusu wa Mau Mau, watu waliozuiliwa bila kuhukumiwa na mahakama yoyote. Kufikia 1959 baadhi yao walikuwa wamekataa katakata kazi hiyo, wakishikilia kwamba wao si wafungwa. Afisa wa magereza, John Cowan, akabuni mpango wa kuwalazimisha. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 85 walitolewa kambini kupelekwa kazini. Walipigwa marungu na askari wa magereza, Waafrika wenzao, chini ya amri ya maofisa Wazungu. Kumi na mmoja walikufa.

Serikali ya kikoloni ilitangaza kwamba watu hao walifariki baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji. Maji! Kati ya visingizio vyote, kikachaguliwa hicho. Uchunguzi wa hakimu ulibainisha kuwa waliuawa na mapigo. Mnamo Julai mwaka huo Enoch Powell, mbunge wa chama tawala cha Uingereza, aliilaani serikali ya chama chake mwenyewe Bungeni. Hata hivyo, hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa mauaji hayo.

Mwaka 1989 Mto Tana ulibadili mkondo, mradi ukakwama, na miaka mingi ikapita kabla ya kufufuliwa. Hayo ya mkondo wanafunzi wetu huyajua vyema, kwani aghalabu huulizwa matatizo ya unyunyiziaji maji. Nani aliyeshika jembe, hawaulizwi.

Wapo walimu wenzangu wanaosema silabasi ni ndefu, na kwamba Hola iko upande wa pili wa nchi. La silabasi nalikubali. La umbali silikubali hata kidogo. Katika nchi hii ya Wakuria, ambako wazee wengi walivaa sare za KAR, habari za mtu mweusi aliyeamriwa na mkoloni kumpiga mweusi mwenzake si habari za mbali. Zina wajukuu madarasani mwetu.

Sidai kitabu kipya wala mtihani mpya. Nadai kipindi kimoja tu kwa muhula, walimu wa masomo haya mawili wakiwa pamoja mbele ya darasa moja, ramani ya Tana ukutani, na wanafunzi waandike katika daftari moja.