Unga wa Maharage na Seli za Mafuta

Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Pwani aliyeolewa Awendo, ametuuliza kuhusu kopo aliloliuziwa mavyaa wake sokoni. Mna unga wa maharage meupe, na muuzaji ameapa kwamba unayeyusha seli za mafuta, na kwamba mwenye maradhi ya sukari akiutumia hana haja tena ya vidonge vya hospitali. Mavyaa huyo ana maradhi hayo, na ni siku ya nne hajameza kidonge. Tunatanguliza jawabu, maelezo yafuate: avirudie vidonge vyake kama alivyoandikiwa, wala asivifidie vya siku zilizopita kwa kumeza viwili viwili, na aende kupimwa sukari pamoja na kopo lake, tabibu alione.

Maneno ya muuzaji hayakutoka hewani, na hilo ndilo linaloyapa nguvu. Katika maabara ziko seli zilizotokana na vijusi vya panya, ambazo wataalamu wamezitumia tangu miaka ya 1970. Seli hizo zikitiwa insulini na dawa nyingine mbili tatu, hugeuka zikawa seli za mafuta katika muda wa siku kumi hivi, na vitone vya mafuta huonekana ndani yake kwa darubini. Zikimiminiwa dondoo ya soya, hasa kiini chake kiitwacho jenisteini, aghalabu vitone hupungua. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini kisahani si mwili. Kinachomiminwa pale huifikia seli moja kwa moja, tena kwa kipimo kikubwa. Kinachonywewa hupita tumboni, kikavunjwavunjwa na ini, kikachujuka katika damu. Isitoshe, hata sumu iliyoidhoofisha seli itapunguza vitone vyake.

Na kuyeyusha seli hizo si jambo la kutamaniwa hivyo. Seli ya mafuta ni ghala: huweka akiba, huitoa wakati wa njaa, tena hupeleka ujumbe kwenye ubongo kwa homoni ya leptini, iliyogunduliwa New York mwaka 1994. Mtu anapokonda, ghala hupungua ukubwa, si idadi. Wataalamu wa Sweden walionyesha mwaka 2008 kwamba kiasi cha sehemu moja katika kumi ya seli hizi hufa kila mwaka kwa mtu mzima, na nyingine huzaliwa kushika mahali pake, awe mnene au mwembamba.

Ama maharage meupe yenyewe, kazi inayojulikana ya dondoo yake wala haiko kwenye seli za mafuta. Huzuia kimeng'enya cha mate na kongosho kinachovunja wanga, basi sehemu ya ugali au wali hupita bila kusagwa, ikaishia kuleta gesi tumboni. Uzito uliopungua kwa waliojaribiwa ulikuwa mdogo. Na sukari ya miwa haivunjwi na kimeng'enya hicho hata kidogo. Awendo, mji uliokulia kwenye kiwanda cha sukari, mashamba ya miwa yakiuzunguka, anayekunywa dondoo hii kisha akatia vijiko vinne katika chai hakujikinga na chochote.

Uwatu, tunaoujua sana sisi wa Pwani kwa kumnywesha mzazi, nao ni wa ukoo wa kunde. Ute wake huchelewesha sukari kuingia katika damu. Ndiyo maana mwenye kumeza vidonge vya sukari akiuongeza kwa wingi, sukari yaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, kizunguzungu. Mja mzito asiutumie kama dawa, na anayedhurika kwa njugu auogope pia.

Chakula chenyewe ni habari nyingine. Nyoyo ya mahindi na maharage, majani ya mitoo (nayo ni jamii ya kunde), choroko, njugu za Homa Bay: vyote vina protini, na maharage na choroko hushibisha muda mrefu na kupandisha sukari polepole kuliko ugali mtupu. Njugu zina mafuta mengi, basi ziliwe kwa gao. Hata mbaazi zetu za nazi zingesifiwa, lau zisingefuatana na mahamri sita.

Limebaki la hatari zaidi. Wako wanaosaga maharage mabichi nyumbani ili kuokoa fedha za kopo. Maharage mabichi, mekundu kupita yote, yana sumu inayoleta matapishi na kuhara kwa saa chache tu, na moto mdogo hauiondoi. Yarowekwe saa tano au zaidi, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu dakika kumi kabla ya kupunguziwa moto. Aliyekwisha kusaga mabichi asiyaonje. Ayatupe mbali na kuku na watoto.