Nyimbo kali za Idengo: ni ukweli ao ni matusi?

Tangu mwimbaji Delcat Idengo auawe kwa risasi mu Goma, tarehe 13 mwezi wa 2 mwaka 2025, mabishano juu ya nyimbo zake hayajaisha. Hapa kwetu Masisi na Walikale, fasi vijana wanachajia telefone ao kwenye parkingi ya moto, watu wenye kumpenda wote wanaweza kugombana juu yake. Sababu gani wapenzi wa mwimbaji moja wanagawanyika hivyo?

Tukumbushe kwa ufupi. Jina lake la kweli lilikuwa Delphin Katembo Vinywasiki. Alijulikana sana upande wa Beni na Butembo. Kule Beni, tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, wakaaji wamekuwa wakichinjwa na ADF. Nyimbo zenye zilimpa jina hazikuwa za kubembeleza. Alikosoa serikali, jeshi na wanasiasa kwa maneno makali, bila kuzunguka.

Tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021, etat de siège ilianza mu Kivu ya Kaskazini na Ituri. Kutoka hapo, raia waliweza kupelekwa mbele ya tribinali za kijeshi. Ile ya Beni ilimhukumu Idengo miaka 10 ya gereza, kwa kosa la kudharau jeshi. Baadaye alitoka, lakini mwaka 2024 akakamatwa tena na kufungwa Munzenze, mu Goma. Wakati M23 iliingia Goma mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025, wafungwa kwa maelfu walitoroka, naye akatoka. Hakumaliza hata wiki tatu inje. Aliuawa alipokuwa anapiga video. Vyombo vingi vya habari viliripoti kwamba wimbo wake mupya ulikosoa wale wenye walikuwa wameshika mji.

Ukisikiliza wapenzi wake, utakuta vikundi vitatu.

Cha kwanza kinasema: alisema yale yenye sisi wote tunafikiri. Mutu mwenye amezika ndugu zake hawezi kuimba kwa sauti ya upole. Kwao, hasira ya Idengo ilikuwa kilio cha watu wenye hawasikilizwi, na kumwambia apunguze ni kumwambia anyamaze.

Cha pili kinamupenda pia, lakini kinasema alizidisha. Matusi yanafunga masikio, hayafungui. Muzazi hawezi kuuacha wimbo wa namna hiyo uimbe mbele ya watoto, na mukubwa mwenye kutukanwa anajibu tusi, hajibu swali. Wanasema: maneno yaleyale, kwa mufano ao kwa mezali, yangefika mbali zaidi.

Cha tatu hakibishani juu ya maneno. Kinaogopa matokeo. Mu eneo lenye bunduki kila fasi, nyimbo za hasira zinaweza kusukuma vijana kwenye kifo, ao kuwageuza juu ya jirani yao.

Vikundi vyote vitatu vina haki ya kusikilizwa. Lakini tunaona wanachanganya mambo mawili: ukali wa wimbo, na yule mwenye wimbo unamlenga.

Tuangalie mufano wa Nigeria. Mwaka 1976 Fela Kuti alitoa albamu Zombie, akiwachekelea wanajeshi wenye wanatii bila kufikiri. Mwezi wa 2 mwaka 1977 wanajeshi walivamia kwake mu Lagos, wakachoma nyumba, na mama yake akatupwa kwenye dirisha. Mama huyo alikufa mwaka uliofuata. Wimbo ulikuwa mukali, ndiyo. Lakini ulilenga wenye nguvu, na wenye nguvu njo walichoma nyumba.

Sasa tuangalie karibu zaidi, ngambo ya mupaka. Simon Bikindi, mwimbaji maarufu wa Rwanda mwenye asili ya Gisenyi, alihukumiwa na tribinali ya Arusha mwezi wa 12 mwaka 2008, miaka 15 ya gereza. Watu wengi wanafikiri alifungwa juu ya nyimbo zake. Hapana. Waamuzi walikubali kwamba nyimbo hizo zilichochea chuki, lakini kosa lenye lilimfunga ni maneno yenye alisema kwa kipaza sauti barabarani, mwezi wa 6 mwaka 1994, akihimiza watu waue Watutsi. Yeye alilenga jirani, siyo mukubwa.

Hapo njo tofauti iko. Kuna hasira yenye inauliza kiongozi: umefanya nini? Na kuna hasira yenye inaambia mutu: jirani yako njo shida. Masisi inajua hasira ya namna ya pili tangu mwaka 1993, wakati vita vya makabila vilianza Walikale kwenye soko la Ntoto na kusambaa hadi kwetu. Kikundi cha tatu kina haki ya kuogopa hiyo. Lakini tusiitumie kufunga mudomo wa ile ya kwanza.

Kuna jambo lingine lenye linatuhusu sana. Masisi-centre iliingia mikononi mwa M23 mwanzo wa mwezi wa 1 mwaka 2025. Walikale-centre ilichukuliwa mwezi wa 3, na mwezi wa 4 M23 ikaondoka. Idengo alikosoa pande zote mbili. Basi wimbo wenye asubuhi ni wa kawaida, jioni unaweza kukuletea shida kwenye bariere, bila hata neno moja kubadilika. Kilichobadilika ni mwenye kushika bunduki. Ukiona wimbo unakatazwa na huyu leo, na yule kesho, usiharakishe kusema ulikuwa na kosa.

Kwa hiyo kijana, mbele ya kutuma wimbo kwa wenzako, jiulize: unamulenga nani? Unasema alifanya nini, ao unasema tu yeye ni wa kabila gani? Na yule mwenye nitamutumia, atapita wapi leo? Swali la mwisho halihusu muziki, linahusu maisha yake.

Kupenda sauti ya upole ao sauti ya hasira ni hiari ya kila mutu. Hata wale wenye walizima wimbo wa Idengo kila ulipoanza wanaweza kukubaliana na wapenzi wake kwa jambo moja: mwimbaji anajibiwa kwa maneno, hajibiwi kwa gereza wala kwa risasi. Idengo alipewa yote mawili.