Sauti Ipishwe Njiani

Apigaye simu kwa intaneti kutoka Unguja kumjulia hali nduguye aliyeko London aghlabu hupatwa na tashwishi hii: husema, hunyamaza kungoja jibu, na jibu likikawia hudhani hakusikiwa akayarudia maneno yake, ilhali mwenziwe amekwisha kuanza kujibu, basi sauti zao zikakutana kama wapita njia wawili katika kichochoro cha Mji Mkongwe, kila mmoja akimpisha mwenziwe upande ule ule. Lawama hutupiwa bando, na bando kubwa zaidi hununuliwa, bila ya nafuu.

Sauti haina haja ya njia pana. Hukatwa vipande, aghlabu 50 kwa sekunde, na hata kwa mtindo wa kale wa G.711, ulio mlafi kuliko mingi ya leo, mzigo wake pamoja na anwani zake ni kilobiti 80 hivi kwa sekunde, kitu hafifu mbele ya filamu. Adui wake ni kukawia. Shirika la ITU lausia kwamba neno lifike sikioni kabla ya milisekunde 150 kupita. Na kipande kilichopotea hakiagizwi tena, kwani kikija baada ya zamu yake ni kelele tu.

Zamani tulikuwa na udhuru. Kabla ya kituo cha KIXP cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 2000 ili watoa huduma wapokezane mawasiliano papo hapo, ujumbe wa jirani kwa jirani ulipaa hadi satelaiti, kilomita 36,000 juu, ukashuka ng'ambo, ukapaa tena kurudi, na kila kupanda na kushuka kukala robo ya sekunde. Tangu mikongo ya baharini ilipotua pwani yetu mwaka 2009, udhuru huo umekwisha.

Uliobaki ni upendeleo. Katika mtandao wa 4G, simu ya kampuni yenyewe, iitwayo VoLTE, hutengewa njia na haki ya kutangulia. Ile ya intaneti huachwa ipange foleni nyuma ya filamu. Wenye minara husema haiwalipi. Sikubali: aipigaye amekwisha kulipia bando kabla ya kutamka "hujambo". Hoja nzito ni ya wahandisi, kwamba kila mzigo ukijiita sauti hakutabaki wa kupishwa. Walakini foleni ya sauti yaweza kuwekewa kikomo, na kizidicho kikarudishwa nyuma.

Basi wadhibiti wasitosheke na kupima kasi ya kupakua. Wapime kukawia na kuyumba kwa vipande, saa mbili usiku, watu wakiwa majumbani mwao, na matokeo yatangazwe kampuni kwa kampuni.