Dawa ya Bure, Kipimo cha Mbali

Ipo dawa ya saratani inayotolewa bure katika nchi hii, na bado wapo wanaoikosa kwa sababu ya nauli. Ninazungumzia Glivec, dawa ya aina moja ya saratani ya damu, ile inayoanza pale vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vinapobadilishana nafasi. Ugonjwa huo ulikuwa hukumu ya kifo. Tangu 2001 hudhibitiwa kwa vidonge vya kumeza nyumbani. Kampuni ya Novartis imekuwa ikivitoa kwa wagonjwa wa nchi maskini, na hapa kwetu vikapitia Taasisi ya Saratani Ocean Road. Sharti ni kwamba vinasaba vya mgonjwa vipimwe kwanza.

Hapo ndipo mvuvi wa Pangani na mkulima wa Mkinga wanapoachwa. Kwa miaka mingi njia yao imekuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300, tena si safari moja, bali kila wanapotakiwa kupimwa na kuchukua dawa. Na anayemsindikiza mgonjwa naye anakula, analala, anaacha shamba.

Wakubwa hutujibu kwamba sayansi ya vinasaba ni ghali, tusubiri. Sikubaliani nao. Mashine ya GeneXpert, ambayo hospitali zetu nyingi hupimia kifua kikuu, inaweza kupima pia vinasaba vya saratani hii. Kinachobadilika ni katriji. Katriji ina bei, sikatai, lakini bei huandikwa kwenye bajeti, na bajeti huandikwa na watu.

Tena Tanga si mgeni wa utafiti. Watoto wa Korogwe walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria, RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Damu ya watu wa Muheza imechunguzwa vinasaba ili ulimwengu uielewe malaria. Wakati wa kuchukua damu hatukuambiwa kwamba sayansi ni ghali mno kufika vijijini. Ilifika, na majokofu yake.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Ninyi watumishi wa umma mnaopanga kitita cha mafao, nawauliza: kipimo hiki kitafanyika lini Bombo? Na mkisema mgonjwa apewe rufaa, tuambieni nauli yake italipwa na nani.