TULIMNYANG'ANYA MTOTO TAA, TUKAMTUMA GIZANI



Leo sina neno la kubembeleza. La leo ni la kukemea, na wa kwanza kukemewa ni mimi.

Majuma machache yaliyopita, katika kesha letu la Ijumaa hapa Kisumu, stima ilipotea saa sita kasoro usiku. Jenereta ikakataa kuwaka. Maikrofoni ikafa mkononi mwangu. Katika giza lile, kwenye viti vya vijana, taa ya mviringo ikawaka kifuani mwa mvulana wa miaka 15. Ilikuwa nyeupe yenye ubuluu, inaangaza kupitia shati. Aliitengeneza mwenyewe, akiiga ile ambayo Tony Stark huivaa kifuani katika sinema ya Iron Man ya mwaka 2008. Aliiwasha ili akina mama waone njia ya mlangoni.

Dada mmoja akapiga mayowe. Mzee mmoja akaanza kukemea: "Illuminati, toka!" Wahudumu wawili wakamshika mikono, wakamvua ile taa, wakamwombea kama aliyepagawa. Kisha wakamwambia aende nyumbani akatubu. Taa ikabaki kwenye meza ya sadaka.

Mimi nilikuwa madhabahuni. Niliona yote. Sikusema neno.

Mtoto yule alitembea peke yake usiku wa manane mpaka Nyalenda. Mungu alimfikisha salama. Lakini mama yake aliponiona aliniuliza swali moja tu: "Pasta, hata mtu wa kumsindikiza alikosekana?"

Mpendwa, ungemjibu nini?

Sasa nisikilizeni, hasa nyinyi wazee wenzangu.

Najua tulikotoka. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Nilikuwa mvulana wa shule wakati huo. Tulikua tukitafuta alama za shetani kwenye noti, kwenye mikanda, kwenye kaseti na kwenye vifuniko vya soda. Hofu ile haikutoka ndani yetu. Tukiona mviringo, tunaona pepo. Tukiona kitu tusichokielewa, tunakemea kwanza, kuuliza baadaye. Halafu tunaiita hiyo karama ya kupambanua roho. Si karama. Ni woga uliovaa suti.

Fungua Kutoka 31. Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita Bezaleli, mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na amemjaza Roho wa Mungu. Sisi Wapentekoste tunapenda sana kuhubiri kujazwa Roho. Basi angalia: huyu ndiye wa kwanza katika Maandiko ambaye Mungu mwenyewe anasema amemjaza Roho wake. Alijazwa ili afanye nini? Hakupewa mimbari wala hakutumwa kutoa pepo. Alijazwa ili afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba, achonge mawe na mbao. Kati ya kazi alizopewa ni kinara cha taa. Aliyejazwa Roho alitengeneza taa! Na jina la baba yake, Uri, kwa Kiebrania lina maana ya nuru.

Rudi nyuma kidogo, Kutoka 28. Kuhani mkuu anaamriwa avae kifuko kifuani, chenye mawe 12 ya thamani, na ndani yake Urimu na Thumimu. Wafasiri wengi wanaeleza Urimu kuwa ni mianga. Haruni aliingia mbele za Bwana akiwa na mawe yanayong'aa kifuani. Kama angeingia katika kesha letu, tungemshika mikono na kumtoa nje.

Tena tuambizane ukweli kuhusu unafiki wetu. Februari 2018, Black Panther ilipooneshwa hapa Kisumu kwa shangwe, tulijivunia binti yetu Lupita Nyong'o. Kampuni iliyotengeneza sinema hiyo ndiyo iliyotengeneza Iron Man. Sikusikia mtu akikemea. Na madhabahu yetu wenyewe ina taa za rangi zinazozunguka, nyekundu, zambarau, kijani, tulizonunua kwa mchango maalumu. Taa ikitoka dukani ni upako. Ikitoka mkononi mwa mtoto wa Nyalenda ni illuminati. Kwa nini? Kwa sababu hatuamini kwamba mtoto wetu anaweza kutengeneza kitu.

Wiki tatu taa ile ilikaa ofisini kwangu. Mwishowe nikaibeba, nikampelekea. Nikamwomba anifundishe, nami nikakaa kwenye stuli kama mwanafunzi.

Alichukua kifuniko cha plastiki, akapanga taa ndogo za LED kwa duara, akazungushia waya wa shaba alioutoa kwenye mota mbovu aliyoipata Kibuye. Betri ilitoka kwenye laptopu iliyokufa. Akaniambia kila taa nyeupe inataka volti 3 hivi, lakini betri hiyo ikijaa inafika volti 4.2. Ukiziunganisha moja kwa moja, zitawaka kwa kishindo halafu ziungue. Kwa hiyo kila taa huwekewa rizista, kidude kidogo cha kupunguza mkondo. Nikawaza moyoni: usiku ule tulikuwa na bidii nyingi, bila rizista hata moja. Tukamuunguza mtoto.

Na ile rangi ya buluu iliyomtisha dada yetu? LED nyekundu na kijani zilikuwepo zamani, lakini ya buluu yenye nguvu iliwasumbua wataalamu miaka mingi. Mwaka 2014 wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kuipata. Taa nyingi nyeupe za LED ndani yake ni taa ya buluu iliyofunikwa kwa unga wa manjano. Kwa hiyo buluu ileile imo kwenye balbu zilizo juu ya kichwa chako kila Jumapili. Unaimba chini yake.

Nenda Mbita au Usenge usiku usio na mwezi. Utaona ziwa limejaa taa kama mji. Ni wavuvi wa omena. Zamani walitumia karabai za mafuta ya taa; leo wengi wanatumia LED za betri na sola. Taa inaita wadudu na omena, nyavu zinavutwa, watoto wanalipiwa karo. Wangapi kati yetu tulisomeshwa na taa hizo? Yule mvulana ana mjomba mvuvi, na mjomba ameshamwomba amtengenezee ya kuvaa kifuani, ili mikono yote miwili ibaki kwenye nyavu. Mvuvi aliona kazi pale ambapo kanisa liliona pepo.

Najua utasema: "Pasta, shujaa wa sinema anaweza kuwa sanamu." Kweli, anaweza. Soma 2 Wafalme 18:4. Nyoka wa shaba alitengenezwa kwa agizo la Mungu, lakini watu walipoanza kumfukizia uvumba, Hezekia akamvunja. Kosa lilikuwa uvumba. Basi uliza: mtoto huyu amemfukizia nani uvumba? Ukikuta anaisujudia sinema, keti naye, mfundishe. Huwezi kumfundisha mtu uliyemfukuza.

Utasema pia aliwasha bila ruhusa. Naam, nimemwambia hivyo, akakubali. Hilo ni jambo la kumnong'oneza sikioni.

Na kama mzee angetaka kukemea kwa hekima, kulikuwa na jambo la kukemea. Betri za lithiamu zilizotolewa kwenye laptopu kuukuu ni hatari. Zikichajiwa ovyo, zikitobolewa au zikivimba, zinaweza kushika moto, na hii ilikuwa kifuani mwa mtoto. Swali la baba lilikuwa: "Mwanangu, betri hii ina kinga?" Hakuna aliyeuliza. Tumempeleka kwa fundi wa simu ambaye ni mshirika wetu, akamwekea kibao cha kinga na kumwonyesha namna ya kuichaji.

Tulimwaibisha hadharani, kwa hiyo naomba msamaha hadharani, kwa ruhusa yake na ya mama yake. Mwanangu, nisamehe. Nilikuwa mchungaji, nikakuacha zizini na waliokuuma.

Wazee, nanyi mna deni. Nendeni Nyalenda kwa miguu yenu, msitume salamu kwa simu.

Mzazi, mtoto wako akifungua redio mbovu usimchape kabla hujaona anatafuta nini.

Kijana uliyefukuzwa kanisani kwa sababu ya kitu ulichokitengeneza, rudi. Njoo nacho. Kesha lijalo meza moja nyuma ya kanisa itakuwa yenu, na nitakaa nanyi. Na hakuna mtoto atakayetoka usiku bila mtu mzima wa kumfikisha mlangoni kwao.

Tuombe: Baba, uliyemjaza Bezaleli, wajaze watoto wetu wa Nyalenda, Manyatta, Obunga na visiwani. Tuondolee woga tuliouita upako. Utusamehe taa tulizozima. Kwa jina la Yesu.

Amina.